Poti ya Posa

Mchumba wangu alikuja kuniposa na chupa yenye vumbi, na vumbi lenyewe akakataa lisifutwe. Alitembea nayo kwa miguu kutoka Oysterbay mpaka kwetu Temeke, kaishika wima kwa mikono miwili, asije akaitikisa. Baiskeli aliiacha. Mama alipotaka kuipangusa kwa kanga, akamzuia: "Mama, tafadhali, ikiguswaguswa itavurugika." Mama akaja chumbani nilikofichwa, akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu mzima kweli?"

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na sisi watu wa bara tulikuwa tumehamia mjini na mila zetu zote. Kwetu mposaji huleta pombe. Kabla mzee yeyote hajaonja, binti huitwa mbele ya watu akaulizwa, "Tunywe?" Akisema kunyweni, kakubali. Akisema mwageni, inamwagwa na mgeni anarudi kwao. Katika shughuli nzima ya kuozwa, hilo ndilo neno pekee alilopewa mwanamke, nami nilikuwa nimelifanyia mazoezi mpaka dada zangu wakanichoka. Nilimtaka yule mwanamume. Baba mkubwa, aliyesimama mahali pa marehemu baba, hakumtaka, kwa kuwa alikuwa mhudumu wa mezani kwa Mzungu. "Mwanamume wa kubeba sahani," alisema, kana kwamba yeye chakula alikuwa akikifuata mwenyewe jikoni.

Kupika pombe nyumbani bila kibali kulikuwa kujitafutia polisi. Ndiyo maana mchumba alileta chupa aliyoachiwa na Mzungu wake alipokuwa akirudi Ulaya: divai nzito, tamu, waliyoiita poti, iliyolazwa gizani miaka mingi mpaka mashapo yakajikusanya ndani. Nilimchungulia kupitia upenyo wa pazia. Kwanza aliomba jagi la kioo. Kisha akaomba mshumaa, mchana kweupe.

"Nani kafa?" akauliza baba mkubwa.

Hakuna aliyekufa. Aliuwasha, akaiinamisha shingo ya chupa mbele ya mwanga, akamimina polepole huku kaibana pumzi, na mshenga wake naye kaibana ya kwake. Utepe mweusi wa mashapo ulipofika shingoni, akakoma. Jagini ikabaki poti safi, nyekundu. Mashapo yakabaki chupani. Akatabasamu, masikini, akidhani amemaliza.

Kwetu mzee hapewi maji ya juu. Pombe hukorogwa, na kile kizito cha chini ndicho heshima yake.

"Hiki kizito unambakizia nani?" akauliza baba mkubwa.

"Mzee wangu, hayo hayanywewi."

"Hayanywewi, au hayanywewi na mie?"

Akaipokonya chupa, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Mchumba akatoa mlio mdogo ambao sikuwahi kuusikia tena hata alipovunjika mguu. Baba mkubwa akajimiminia, akanywa, akatafuna. "Hii ndiyo pombe," akasema, meno meusi. Akampa mshenga, naye akatafuna huku machozi yakimlengalenga. Mjumbe hauawi, lakini yule aliponea chupuchupu. Jagi likasukumwa kando: "Hayo maji wapelekeeni wanawake."

Yakaja chumbani. Shangazi, aliyekuwa akinilinda humo, akaonja, akaonja tena. Mie nikaonja. Ilinukia tende na karafuu, ikashuka taratibu, ikawasha moto mdogo kifuani. "Haya maji yana akili," akasema shangazi, akanimiminia tena. Tukalimaliza jagi kwa heshima zote.

Hapo ndipo shangazi alipokumbuka. Alipaza sauti hadi majirani wakasikia: "Nyie! Mmekunywa bila kumuuliza mtoto!"

Nikarudi kuchungulia sebuleni. Baba mkubwa akaikung'uta chupa. Halikutoka hata tone. Nikaiona furaha ikimpanda usoni, nami nikaingiwa na hofu ya kweli. "Basi posa imeharibika," akasema. "Hakuna cha kumuulizia. Arudi mwakani, na pombe ya watu."

Mwaka mzima! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Sikungoja kuitwa. Nilitoka nyuma ya pazia na jagi tupu mkononi, nikapiga goti kama nilivyofunzwa, nikasema, "Shikamoo, baba mkubwa. Mie nimeshakunywa."

Shangazi akapiga vigelegele kabla mzee hajafumbua mdomo. Mshenga naye akadakia kwamba aliyenywa kakubali, tena huyu kakubali jagi zima. Baba mkubwa akatema mashapo. Mila zilikuwa zake, na zilikuwa zimemfunga yeye.

Katika zile kelele mchumba akanisogelea. Miaka yote aliyowamiminia Wazungu divai ile, hakuwahi kuruhusiwa hata kuonja.

"Ilikuwaje?" akaninong'oneza.

Nikamwambia ni nzuri. Ndilo swali pekee nililoulizwa siku ile.