Marehemu wa Sura ya Tatu

Najua utasema mwandishi ni mwongo kwa kazi yake, na kweli, uongo ndio unaonilisha. Naandika riwaya za mauaji. Lakini hii sikuitunga, na kama unabisha, pita kwa Tata hapa Adungosi umuulize mwenyewe. Tata ni nyanya yangu. Usipite asubuhi tu, atakupa jembe kwanza.

Kila Jumamosi alasiri wazee wa jirani hukaa kwake kuzunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu aliotoka nao nyumbani. Nikiwa na sura mpya, nawasimulia hapo. Ndiyo mizani yangu. Wakiendelea kunyonya, sura hiyo ni maji, naenda kuitupa. Mmoja akisahau mrija mdomoni, napata matumaini. Wote wakinyamaza, basi nimewanasa. Hakuna mhariri Nairobi mkali kuwashinda wale.

Sasa, riwaya yangu ya kwanza ilianza vizuri. Sura ya tatu, dereva wa trela anapatikana amekufa ndani ya lori lake, kwenye foleni ya malori mpakani Malaba, mlango haukuvunjwa, kioo ni kizima. Tamu, si ndiyo? Shida ni kwamba nilikuwa nimebakisha sura moja tu, na mimi mwenyewe sikujua nani alimuua. Mhariri alikuwa amenipa mpaka Jumatatu, la sivyo kitabu kinatupwa nje. Na mimi kwa ajili ya kitabu hicho nilikuwa nimeacha kazi ya ualimu kule Matayos, watu wote wakiniona mwendawazimu. Unafikiri nilikuwa nalala?

Jumamosi hiyo kulinyesha kidogo. Tulikuwa tumebanana kibandani, nikawasimulia upya tangu ile maiti. Wazee wakanyonya tu. Mmoja akaanza kuongea habari ya mbuzi wake. Nilitaka kulia, niamini.

Ndipo nikaona mwanamume kando yangu, amekaa kwa kile kigoda kilichokuwa wazi. Alikuwa na mrija wake, kwa hivyo nikajua ni mgeni wa mmoja wao. Akauingiza chunguni, akaushika kwa mkono wa kushoto.

Kwetu hilo halifanywi. Tata akamgeukia.

"Baba, huo mkono hapana."

"Nisamehe, mama," akasema kwa upole. "Ndio niliopewa."

Nikautazama ule mkono. Asubuhi ile ile, nikiwa peke yangu jikoni, nilikuwa nimeamua kwamba dereva wangu atumie mkono wa kushoto. Sikuwa nimemwambia mtu. Sikuwa hata nimeandika.

Akaniuliza, "Dada, huyo dereva, nani alimuua?"

"Bado sijajua."

"Umeua mtu na hujui kwa nini?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa, vile mtu anashangaa akipewa chai bila sukari. "Na anaitwa nani?"

Kitabu kizima nilikuwa nimemwita marehemu.

"Kwa foleni," akasema, "dereva hafungulii mtu mlango usiku. Hata polisi anaongea naye kupitia dirisha. Lakini unajua tunalala hapo siku ngapi? Tunapika pamoja. Lori la mbele lina jiko, la nyuma lina sufuria. Mimi nilifungua kwa sababu aliyebisha hodi ndiye alikuwa ameshika sufuria yetu."

Hebu niambie, wewe ungesema nini? Mimi niliuliza swali la kijinga. "Kwa nini alifanya hivyo?"

Akacheka, cheko zuri sana. "Hiyo ni kazi yako, dada. Mimi nimekuletea mlango. Nawe nitafutie jina."

Nikainua macho. Hakuna mzee aliyekuwa ananyonya. Hata yule wa mbuzi alikuwa ametoa mrija mdomoni. Mgeni akasimama, akamshukuru Tata kwa pombe, akatoka nje kwa manyunyu akielekea barabarani.

"Huyo ni mgeni wa nani?" Tata akauliza. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Hakuna aliyekuja naye. Tata akauvuta ule mrija uliobaki chunguni ili auoshe, na ulikuwa mkavu kutoka juu mpaka chini.

Ungedhani tulikimbia? Tata alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto amekuja kudai haki yake," akasema. "Nenda uandike." Nikaandika usiku wote wa Jumamosi, nikaruka kanisa Jumapili. Muuaji alikuwa mwenye sufuria, na marehemu akaitwa Okware. Jumatatu mhariri alinipigia simu akilalamika kwamba sasa anaogopa kula na majirani. Nilicheza jikoni peke yangu.

Tata aliutundika ule mrija ukutani, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Siku kitabu kilipofika kutoka kwa wachapaji, tulikaa tena kwenye chungu, nikasoma ukurasa wa kwanza ambao jina la Okware liko juu. Wazee wakapiga makofi. Jioni Tata akaenda kupangusa vumbi, akaniita. Ule mrija ulikuwa umelowa, unadondosha ajon sakafuni, tone kwa tone. Nakwambia, sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Tangu siku hiyo siui mtu ovyo. Kwanza nampa jina, namlisha vizuri, nahakikisha najua atamfungulia nani mlango. Na wewe unayetaka kuandika hizi hadithi za damu, shika hilo. Ukimuua mtu bila sababu atakuja kukuuliza, na si wote watakuja wakicheka kama Okware. Siku akija, usibishane naye. Msogezee kigoda, na mkono wake wa kushoto umwachie.