Siku Nilipombeba Mtani Wangu

Kuanguka nilijifunza nikiwa na tenga la nyanya kichwani. Kwetu ni juu ya Bigwa, kwenye mteremko wa Uluguru, na njia ya kushuka sokoni ikinyeshewa huwa kama sabuni. Mguu ukiteleza hushindani nao. Unakunja kidevu, unaachia kiuno, unakaa chini na mgongo unafuata, mikono bado imeshika tenga. Ukisimama nyanya zote zipo. Baada ya darasa la saba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Kusema ndiko kulikonishinda. Wakubwa nilikuwa nawaamkia shikamoo kwa sauti ndogo mpaka wengine wakadhani sijawasalimia. Mtu mmoja tu nilimjibu bila kuinamisha kichwa: mama wa Kinyamwezi, mke wa mfanyakazi wa reli pale Kingolwira. Alikuwa akinikuta na mzigo wa ndizi anachomoa kadhaa bila kuuliza, anazimenya mbele yangu na kuniambia Waluguru hatujui hata kulima, ndizi zinajiotea. Nami namwambia ale taratibu, asije akameza na maganda kama kwao. Huyo alikuwa mtani, maana zamani Wanyamwezi walipita kwetu wakibeba mizigo ya misafara kwenda pwani, na mtani haogopwi. Kwa wengine wote nilikuwa bubu.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kilikuwa kinaingia mjini: mitumba, redio kubwa, vibanda vya video vyenye picha za mieleka ya Ulaya. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba akaona watu wanavyoipenda, akageuka promota. Alikuja Morogoro na lori, akafunga ulingo uwanjani, akaita vijana wajaribu kurushwa na watu wake. Wenzangu wa sokoni wakanisukuma mbele. Nikarushwa, nikaanguka, nikasimama. Nikarushwa tena, nikasimama.

"Bwana mdogo, nani kakufundisha kuanguka hivyo?" promota akauliza.

Nilinyoosha kidole kuelekea mlimani.

Ndivyo nilivyoanza. Sikuwa mali ya mtu. Promota yeyote aliyehitaji mtu wa kurushwa aliniita, nikapanda basi. Nilicheza Mbeya, Lusaka, Lilongwe, Nairobi, Kampala. Katika mieleka ya namna ile mshindi hupangwa kabla, na kila mji ulitaka mtu wake ashinde, kwa hiyo mimi mgeni nilishindwa kila mahali. Nilishindwa vizuri. Waliokuwa wakinirusha walikuwa wakinishukuru, maana niliwafanya waonekane na nguvu za ajabu. Lakini kabla ya pambano kila mchezaji hupewa kipaza sauti amkejeli mwenzake, na hapo ndipo nilipoharibu. Lusaka nilisema "asante" nikakirudisha. Nairobi walinivalisha kinyago wakidhani aibu itapungua. Haikupungua.

"Mwili unao, mdomo huna," yule promota wa mitumba alikuwa akisema. Mwishowe akaniambia wazi kwamba anaandaa onyesho Morogoro, nyumbani kwangu. Nikiwaamsha watu wa kwetu, picha yangu itakaa juu ya bango na nitaongoza safari nzima ya Zambia na Malawi. "Ukinyamaza na huko, rudi kwenye nyanya zako. Mtu wa kuanguka tu nitampata popote."

Nilikuwa nimeipenda kazi ile. Nilitaka kuendelea nayo kuliko kitu kingine chochote.

Mpinzani wangu aliletwa kutoka Kampala, mtu mzima, mnene, shingo imeungana na mabega. Tulikutana asubuhi ya onyesho tukapanga mambo kwa adabu. Ingawa ni kwetu, promota hakutaka kumpa ushindi mtu asiye na mdomo: atanirusha, nitaamka, atanirusha tena na kushinda. Aliambiwa mimi ni kijana wa Morogoro, basi. Nami sikumuuliza kwao.

Jioni uwanja ulijaa. Mama alikaa mbele kabisa na majirani wa Bigwa, kitenge kipya kichwani. Nikapewa kipaza sauti. Nikakishika. Nikasikia pumzi zangu mwenyewe zikitoka kwenye spika.

"Kameza ndizi nzima!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka. Wengine wakaanza kuzomea. Promota aliyekuwa kwenye kona akatazama chini.

Yule mtu mzima akanihurumia. Akachukua kipaza sauti. "Jamani, huyu kabila gani asiye na ulimi?"

"Mluguru!" uwanja ukajibu.

Akashtuka, kisha uso wote ukachanua. "Mluguru? Mimi Mnyamwezi wa Tabora nimetoka Kampala kote huko, kumbe nimeletewa mtani! Ndiyo maana kasimama upande! Mtazameni miguu, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kazaliwa mteremkoni huyu! Mleteeni jiwe akanyagie, hapa tambarare ataanguka mwenyewe!"

Uwanja ukalipuka. Mama akasimama. "Wee mwanangu! Mtani anakutukana na wewe umenyamaza? Mjibu!"

Sijui aibu ilikwenda wapi. Nilimnyang'anya kipaza sauti.

"Mtani, shikamoo."

"Marahaba!"

"Nilikuwa nakutafuta. Babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani akienda pwani. Akala ndizi, akalala, akasahau ngata yake ya kuwekea mzigo kichwani. Bibi kaitunza mpaka leo. Njoo uichukue, na kazi usiogope, ipo. Kabichi zinaoza huko juu!"

Watu walisimama. Mama mmoja alimpiga jirani yake mgongoni kwa kucheka.

"Nitakuja!" mtani akanguruma. "Na nikija nachukua na jogoo!"

"Mchukue, lakini kwetu hata jogoo anapanda mlima kukuzidi. Kwa tumbo hilo utafikia wapi?"

Tukaendelea hivyo hadi mwamuzi akatuomba tupigane. Alinirusha kama tulivyopanga, nikasimama. Alinirusha mara ya pili, uwanja mzima ukaniita niamke. Alipoinama kunikaba akaninong'oneza.

"Mtani, mpango umekufa. Nikishinda hapa sitoki salama. Nibebe."

"Nikubebe?"

"Sisi tumebeba vya kutosha. Leo zamu yako."

Nikaingiza bega chini ya kifua chake, nikainuka. Hakuna tenga zito kama lile. Nikamzungusha ulingoni, yeye akirusha miguu na kuniita mteremko, na watu wakihesabu hatua zangu kwa sauti moja. Kisha nikamshusha kwa kishindo, nikamlalia, mwamuzi akahesabu. Sijawahi kusikia kelele kama zile katika nchi yoyote. Promota alikuwa juu ya lori akirukaruka, kofia imeshaanguka.

Picha yangu ilikaa juu ya bango. Lusaka, kabla ya kupanda ulingoni, niliuliza kwanza kama na wao wana watani. Wakaniambia Wabemba na Wangoni hawaachani kwa utani. Basi nikasimama, nikawaambia nimetoka mbali kuja kuwasuluhisha Wabemba na Wangoni, ila nimeona pande zote mbili zina makosa. Hapo nikawa nimeshawapata. Nilishinda Lusaka, nikashinda Lilongwe.

Lakini ninachokipenda zaidi ni asubuhi iliyofuata onyesho la nyumbani. Mnyamwezi wangu alipanda mlima hadi kwetu, jasho likimtiririka, hakubisha hodi. Aliingia uani, akamkamata jogoo mkubwa kuliko wote, akageuka kushuka. Mama akamkimbiza na mwiko, huku anacheka mpaka machozi.

"Mwizi! Na ngata yako umeiacha!"

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nikaona mguu wake wa kwanza unateleza. Nilipaza sauti hadi majirani wa ng'ambo ya bonde wakatoka nje kutazama.

"Mtani, kunja kidevu!"

Akakunja. Akakaa chini, mgongo ukafuata, akateleza hadi kwenye migomba. Aliposimama, jogoo bado alikuwa mikononi mwake.