Mchanga wa Mwanahawa

Mwanangu, ile chupa uliyoiweka dirishani nimeiona. Umerudi kutoka Tanga na kaa watatu, umewatilia vijiwe vya rangi na kifuniko cha maji, na watoto wa mtaa wamejaa mlangoni kuwatazama wakitembea na makombe yao mgongoni.  Nilipita tu, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Sasa njoo ukae. Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo sijawahi kumsimulia mtu mpaka mwisho wake. Wewe unastahili kuisikia, maana niliyemkosea siku ile alikuwa bibi yako.

Miaka ile ya sabini hatukuwa tukiishi hapa barabarani. Tulikaa kule mlimani, kila mji wa mtu na migomba yake, jirani humwiti mpaka upaaze sauti. Kaka yangu Nyandwi, babu yako, alikuwa mtoto wa saba, nami Minani ni wa nane. Alipopata nguvu alikwenda Tanga kukata mkonge kama vijana wengi wa Kiha, akapotea huko miaka sita. Siku aliyorudi alishuka kwenye lori lililotoka Kigoma akiwa na mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili. Mwanamke huyo ndiye Mwanahawa, na hakukubali mtu yeyote ampokee kapu lake.

"Lete nikusaidie, wifi," nikamwambia.

"Hili niache nalo, wifi yangu. Lina wenyewe."

Tulipofika nyumbani akalifungua. Ndani mlikuwa na makumbi ya nazi yaliyoloweshwa maji, na katikati ya makumbi kaa sita, kila mmoja amejificha ndani ya kombe la konokono wa baharini. Mama yangu akainama kuwatazama.

"Kaa nawajua, wapo mtoni," akasema. "Lakini hawa wamevaa nyumba. Tunawala?"

"Hawaliwi, mama. Wanafugwa."

"Wanataga?"

"Hapana, mama."

"Basi wanalinda mlango?"

Mwanahawa akacheka mpaka akafuta macho. "Wananikumbusha kwetu tu, mama."

Alinieleza baadaye, tukipura maharage, kwamba asubuhi ya kuondoka aliwaokota ufukweni nyuma ya nyumba yao, pale alipokuwa akicheza nao tangu utotoni. Baba yake hakuwa ameridhia ndoa ile na alimwambia asigeuke nyuma. Kaa hao watoto wao huanza maisha ndani ya bahari, kwa hiyo huku kwetu wasingeweza kuzaa hata wangekaa miaka mia. Wale sita ndio hao. Akifa mmoja hakuna wa kushika nafasi yake. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua akiwa ndani ya nyumba.

Mama alimpa mtungi mkubwa wa pombe uliovunjika shingo. Mwanahawa akaenda mtoni kuchota mchanga, akauosha, akauchemsha kwenye sufuria ili kuua vijidudu, akaumimina mtungini hadi ukafikia kina cha mkono wangu kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Aliunyunyizia maji yenye chumvi kidogo, akatoboa shimo kwa kidole, akasubiri. Shimo lisipobomoka, mchanga una unyevu wa kutosha. Likijaa maji, umezidisha. Juu yake aliweka vipande vya magome ya miti ili wapande na kujificha, na mdomo wa mtungi akaufunika kwa jani la mgomba alilolilowesha kila asubuhi.

"Hawa wana matamvua ya kuvutia hewa, kama samaki, ingawa wanatembea nchi kavu," alinifundisha. "Hewa ikikauka, wanakosa pumzi wakiwa wamesimama hivyo hivyo."

"Wifi, unawatunza kama watoto wachanga!"

"Mtoto mchanga akikosa raha analia. Hawa hawalii. Ndiyo maana nawachunguza zaidi."

Mtungi aliuweka nyuma ya ukuta wa jiko, mahali penye joto lakini pasipofikiwa na moshi. Mle ndani alitumbukiza vifuu viwili vya nazi, kimoja cha maji matamu na kingine cha maji aliyoyakolezea chumvi ya Uvinza. Wanahitaji yote mawili, mwanangu, na kila kimoja kiwe na kijiwe cha kukanyaga ili mdogo asizame. Chakula chao kilikuwa papai, ndizi mbivu, mahindi mabichi, majani makavu, dagaa wa ziwani aliyeoshwa chumvi yote, na maganda ya mayai yaliyosagwa. Kidogo kidogo, kila siku kitu tofauti, na mabaki anayaondoa asubuhi kabla hayajaoza. Siku moja mama aliwatilia ugali uliochovywa kwenye mawese. Mwanahawa akautoa taratibu kwa kijiti, akasema, "Ahsante mama, wameshiba," na mama akatwambia sisi kwamba wageni wa baharini wana maringo.

Nisikudanganye kwamba nilimchukia. Nilimwonea wivu. Kaka alikuwa wangu, nilimsubiri miaka sita, akarudi akiwa anazungumza na mwingine. Hata hivyo ilikuwapo siku tuliyokuwa ndugu hasa. Kaa mmoja alikuwa amekua na kombe lake limembana, na yale ya akiba aliyoyaleta yote yalikuwa madogo. Nilikwenda migombani nikaokota makombe matatu ya konokono waliokufa, tukayachemsha, tukayaweka mtungini. Tulilala kifudifudi, videvu ukingoni, tukingoja. Kaa akaja akalipima moja kwa vipapasio vyake, akaingiza gando, akaligeuza kama mwanamke anayechagua chungu sokoni. Kisha, kufumba na kufumbua, akachomoka uchi na kuingia la pili.

"Huyu sasa ni Muha!" nikapiga kelele.

"Kesho ataomba shamba," Mwanahawa akajibu, na tulicheka mpaka mama akatuuliza kama tumekunywa.

Kiangazi kilipoingia, bibi yako alikuwa na mimba kubwa ya kwanza, ndiyo ya kumzaa baba yako. Kaka akaamua ampeleke Kabanga akangoje karibu na hospitali. Wakati ule kaa watatu walikuwa wamejizika mchangani na hawajaonekana kwa wiki tatu. Asubuhi ya safari nilikuwa nimekaa kati ya magoti ya rafiki yangu akinisuka, Mwanahawa akaja akasimama kando yangu.

"Wifi, maji badilisha kila siku. Jani lilowe. Na mchanga usiuguse."

"Sawa."

"Wale watatu wanajivua. Wanaacha ngozi ya zamani na kuota mpya, na mpya ni laini kama utando wa maziwa. Ukimgusa, umemuua. Hata ukiona kimya mwezi mzima, hata ukisikia harufu kidogo, usifukue. Umenisikia, Minani?"

"Nimesikia, wifi, nenda salama," nikasema, na kichwa sikukigeuza, kwa sababu msusi alikuwa ameshika msuko.

Hazikupita siku kumi, amri ya serikali ya kuhamia kijiji cha ujamaa ikatufikia. Tulikuwa tumeisikia muda mrefu, lakini tulidhani tutavuna kwanza. Lori lilipanda mlimani asubuhi, likaja na vijana wa kupakia, na kila mji ukapewa nafasi yake. Kaka alikuwa bado Kabanga. Mama alikimbia huku na huku na kuku chini ya kwapa. Dereva akapiga honi. Nikaushika mtungi, haukunyanyuka.

"Dada, hicho nini?" kijana mmoja akaniuliza.

"Mchanga."

"Mchanga!" Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu anahama na mlima wake!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Mwanangu, kicheko kile ndicho kilichoniangusha. Niliona aibu kusimama mbele ya vijana wale na kueleza habari za kaa wa wifi yangu. Tena nilijiambia mchanga ni mchanga, na kule tuendako mto upo. Niliwatoa watatu waliokuwa juu nikawatia kwenye bakuli la bati, kisha nikaulaza mtungi ubavu na kuumwaga mchanga wote kwenye shimo la takataka la migombani.

Hapo niliwaona. Wawili walikuwa wamelala nje ya makombe yao, weupe, kama nyama ya mtu aliyekaa sana majini, na kando yao ngozi zao za zamani. Wa tatu alikuwa bado ndani ya kombe. Honi ikalia tena. Nikapakia mtungi mtupu, nikaondoka.

Kijiji kipya kilikuwa miti ya nyumba iliyosimikwa bila nyasi juu. Upepo wa kiangazi uliingia kila upande, na vumbi, na baridi ya asubuhi ile ya kwetu unayoijua. Wale watatu wa kwenye bakuli niliwapa maji siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu nilikuwa nabeba nyasi, nikasahau. Wiki ilipoisha wawili walikuwa wametoka kwenye makombe na kukauka. Mmoja alibaki, yule tuliyemwita Muha.

Mwanahawa aliletwa na kaka akiwa amempakata baba yako kifuani. Tulipiga vigelegele, mama akacheza na mtoto. Baada ya kuketi na kunywa uji, Mwanahawa aliutazama ule mtungi pembeni. Hakuuliza kaa wako wapi.

"Mchanga wangu uko wapi?"

"Mchanga, wifi? Upo tele mtoni, kesho nitakuchotea."

Akainuka, akachungulia ndani ya mtungi. Kisha akasema polepole, "Na waliokuwa ndani?"

"Walikuwa wameshakufa," nikamwambia. "Nilipomwaga niliwakuta wameshakufa kwa baridi. Hawa wengine nao baridi imewamaliza wawili, amebaki Muha."

Hakunigombeza. Alimwekea mtoto titi, akamtazama mtoto. "Walikuwa wanajivua, Minani. Nilikwambia." 

Mama ndiye aliyenifuata nje. Mama yule yule aliyewacheka kila siku. "Mwenzio alipokuwa akikueleza," akaniuliza, "ulikuwa unamsikiliza, au ulikuwa unatazama mdomo wake unavyokwenda?" Nilianza kujitetea kwa habari ya lori na honi. Akaniinulia kiganja. "Mimi sijui faida ya wadudu wale. Lakini najua walikuwa wa nani. Nenda ukamwombe radhi." Akarudi ndani.

Sikwenda. Nilingoja kesho, na kesho yake. Bibi yako aliishi nasi miaka zaidi ya thelathini. Aliniuguza nilipojifungua, alinichotea maji, aliniita wifi mbele za watu. Yule kaa mmoja alimtengenezea mtungi upya kwa mikono yake mwenyewe, akaishi miaka mingi, na hakuna siku aliyoniomba nimwangalie hata kwa saa moja. Wala hakunisimulia tena kitu cha kwao. Nilijaribu. "Wifi, kule kwenu mnapikaje samaki?" Akajibu, "Kama hivi hivi." "Wifi, baba yako alikuwa mtu gani?" Akajibu, "Mtu mzima." Mlango ule aliufunga bila kishindo, na aliufunga kwa upande wangu tu. Leo ukiniuliza bibi yako alicheza michezo gani utotoni, mama yake aliitwa nani, alilia kwa ajili ya nani, sijui. Nilikaa naye ua mmoja maisha yote.

Sasa nikupe kile ambacho hata mama yangu hakukijua. Nilipoumwaga mchanga ule, mmoja wa wale weupe alikunja mguu. Alikuwa hai. Nilimwona, nikajua kwamba kila neno la Mwanahawa lilikuwa kweli, na bado ulikuwapo muda wa kurudisha mchanga juu yake kwa viganja na kumwambia dereva angoje. Sikufanya hivyo, kwa sababu vijana walikuwa wananitazama. Tulipomzika bibi yako, Mungu amrehemu, neno la radhi lilikuwa bado kinywani mwangu.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu, na nigeuzie uso wako. Watoe kwenye chupa ile leo hii. Tafuta chombo kipana chenye mfuniko, uwatilie mchanga wenye kina mara tatu ya urefu wa kaa wako mkubwa, wenye unyevu wa kufanya shimo lisibomoke. Vile vijiwe vya rangi tupa. Waandalie maji ya aina mbili, magome ya kupanda, makombe ya akiba makubwa kuliko waliyovaa, na chakula kinachobadilika. Huku kwetu ni baridi na kiangazi kinakausha, usiwaweke dirishani. Akijizika mmoja, muache, uhesabu siku kwa subira, wala usimfukue kwa sababu tu umechoka kungoja.

Na binadamu mwenzako akikuelekeza jambo la kwao usilolielewa, mwache amalize, kisha umwulize mpaka uelewe, na usipoelewa, litii hivyo hivyo kwa heshima yake. Usione aibu kutetea kitu cha mtu asiyekuwapo. Ukikosa, sema siku ile ile, na useme yote, hata ile sehemu uliyoiona peke yako. Radhi iliyocheleweshwa hukosa wa kuipokea. Mimi naitoa kwako kwa sababu sina mwingine wa kumpa.

Mwenyezi Mungu akupe sikio lenye utulivu na mkono usio na haraka. Akuepushe na kicheko cha wapitao njia. Na wale utakaowapenda wakufungulie habari zao, wakusimulie usiku na mchana, wasichoke kukuamini. Amina, mwanangu.