Kigurudumu Nilichomnyima Fundi

Jumanne nililetewa habari kwamba fundi mmoja mstaafu wa karakana za mgodi amefariki, na kabla sijatamka pole nikashikwa na aibu. Wasomaji wenye watoto wanayakumbuka yale maboksi ya kujengea yaliyouzwa madukani mjini: vibao vya chuma vyenye matundu, skrubu, nati, na kigurudumu kimoja cha shaba chenye meno. Bila hicho, kreni ya mtoto husimama tu. Nacho, kamba huzunguka na mzigo ukapanda. Baadaye maboksi yakaja na kigurudumu cha plastiki kinachong'oka meno siku ya kwanza, halafu yakaja bila chochote. Katika mji wetu unaoyeyusha shaba mchana kutwa, kipande cha ukubwa wa kifungo kikawa hakipatikani.

Watoto wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi walimpelekea fundi huyo kreni zao, naye akawaahidi kuwachongea magurudumu kwa mabaki ya shaba. Alichokosa ni kielelezo. Alisikia boksi la binti yangu bado limekamilika, akaja nyumbani.

“Citoyen, unipatie ile ka-roue ya shaba juma moja tu,” aliniambia. “Meno haiwezi kupimwa na macho. Lazima niikamate mu mukono, niifunge mu étau, ile chuma yangu ya kubana kazi.”

“Uangalie hapa hapa, papa. Ikipotea, nitapata ingine wapi?”

Alihesabu meno kwa ukucha, akashukuru, akaenda. Alichokichonga kilikwama kwenye jino moja, kila mzunguko. Mtu wa karakana hatoi kazi inayokwama. Alikitupa, akawaambia watoto wasirudi tena.

Jana kilioni nilimuuliza mjane kama mumewe aliwahi kuninung'unikia.

“Hapana,” alijibu. “Alikuwa anasema tu kama mikono yake ilishakufa. Kiisha akauzisha étau.”

Mikono ile haikuwa na kosa, na mimi nilijua hivyo siku zote. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshafika, hataki kuondoka. Ni rahisi kulaumu viwanda vya ng'ambo, vinavyochukua shaba yetu na kuturudishia plastiki, lakini kigurudumu kizima kilikuwa kabatini mwangu. Bado kimo, hakina mkwaruzo, na binti yangu alikwisha kukisahau. Mwenzangu, kama umebaki na kitu cha mwisho cha aina yake, mpe fundi akishike angali hai. Hata akikipoteza, atakuwa bado anaiamini mikono yake.