Oili Nyepesi kwa Ajili ya Latifa

Kule Buyenzi, mjini Bujumbura, gari lililowashinda mafundi wengine lilisukumwa hadi kwa Kadiri. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana na maneno machache. Kuhusu oili alikuwa na neno moja tu: iwe nzito. Oili nzito hushika chuma, alisema, haikimbii jua wala haiungui upesi gari likipanda milima ya kwenda bara. Alisema hivyo maisha yake yote, na magari aliyoyashika yalitembea. Nani angembishia?

Vita vilipoingia mitaani kwao, yeye na mkewe Latifa waliondoka na nguo walizovaa. Binti yao wa pekee, Aïcha, alikuwa tayari ameolewa Kigoma, akabaki huko. Wao wawili, baada ya mizunguko mingi, walifika Bruxelles, Ubelgiji, wakapata vyumba viwili mtaa wa Schaerbeek, juu ya duka la mikate la Mturuki. Kadiri akaajiriwa kufagia ofisi karibu na kituo cha Schuman. Alikusanya kidogo kidogo mpaka akanunua Peugeot moja kuukuu, injini imechoka, akaifufua mwenyewe pembeni mwa barabara. Majirani walisimama kumtazama, naye akajiona ni mtu tena.

Halafu figo za Latifa zikakataa kufanya kazi.

Ikawa kila baada ya siku moja, alfajiri, lazima afikishwe hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Hospitali ilikuwa na gari la kuchukua wagonjwa, lakini Latifa alilipanda mara moja tu. Alipotoka kwenye mashine alitapika, tena mbele ya dereva asiyemjua, mwanamume mgeni, na aibu ile hakuisahau.

"Baba Aïcha, wewe utanipeleka," alimwambia mumewe. "Nikitapika, nitapike mbele yako."

"Nitakupeleka," Kadiri akajibu. "Hata mvua ya mawe ije."

Haikuja mvua ya mawe. Ilikuja baridi. Mwishoni mwa mwaka 1995, asubuhi moja barabara nzima ilikuwa nyeupe. Latifa alishuka ngazi polepole, koti juu ya gauni, kitenge juu ya koti, akaketi kwenye kiti cha mbele ambacho Kadiri alikuwa amekilaza nyuma ili apumzike. Kadiri akageuza ufunguo. Stata ikaguna kama mtu anayevuta mkokoteni kwenye tope, ikaguna tena, ikanyamaza. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilining'inia pale kwenye ncha, haidondoki.

"Bon, tupande tram," Latifa alisema. "Usijichoshe."

Wakapanda tram. Walichelewa, wakangojeshwa, na muda wake wa mashine ukapunguzwa. Wakati wa kurudi, tram ikiwa imejaa, Latifa alitapika. Watu wakasogea. Mwanamke mmoja akabana pua kwa skafu yake. Latifa aliuficha uso kwenye koti la mumewe na hakuutoa mpaka waliposhuka, na Kadiri alisimama pale, fundi wa Buyenzi, hajui aweke wapi macho yake.

Jirani yao wa chini alikuwa mzee Mbelgiji aitwaye Karel, mjane. Ujanani alifanya kazi ya ufundi bandarini Usumbura, yaani Bujumbura kabla mji haujabadilishwa jina, kisha akamalizia maisha yake ya kazi kwenye karakana ya mabasi hapa Bruxelles. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kimeota kutu, lakini kilieleweka. Siku ile aliliona gari limefunguliwa boneti, akatoka na viatu vya ndani.

"Kadiri, umetia huile gani, oili gani?"

"Vingt W cinquante, ishirini W hamsini, papa Karel. Ile ninayoijua."

"Hiyo ya Usumbura. Hapa inalala kama nguruwe."

"Moteri hii imechoka, papa. Nikiitia nyepesi itaimeza yote na kutoa moshi."

Karel hakubishana. Usiku ule aliweka mitungi miwili midogo ya kioo ya jamu juu ya ukingo wa dirisha lake, nje: mmoja una oili nzito ya Kadiri, mwingine una oili nyepesi kidogo aliyokuwa nayo. Asubuhi alimwita. Akaulaza mtungi wa kwanza. Oili ikajivuta taratibu, kama uji wa jana. Akaulaza wa pili; ikateleza mpaka mdomoni mwa mtungi.

"Namba ya mbele, hii yenye W, ni ya baridi," Karel alisema. "Ikiwa ndogo, huile inatembea asubuhi. Namba ya nyuma ni ya moto, wakati moteri imekwisha kuchemka. Wewe ulikuwa unaangalia ya nyuma tu."

"Kwetu ya mbele haikuwa na kazi," Kadiri akasema.

"Ndiyo. Hapa ina kazi."

Walizungumza sana asubuhi ile, wamesimama dirishani. Zilikuwepo oili nyepesi kuliko ile, lakini Kadiri aliihofia injini. Ilikuwa imelegea, ingezivujisha. Wakaangukia katikati, kwenye dix W quarante, kumi W arobaini. Karel alimwambia abadilishe na betri pia, kwa maana nusu ya lawama ilikuwa ya hiyo betri. "Injini itakunywa kidogo," alisema. "Utaiongezea. Mtoto anayekula sana si mgonjwa."

Kadiri alifanya vidange, akamwaga oili ya zamani na kutia mpya, siku hiyo hiyo, chali chini ya gari, mgongo juu ya katoni, vidole vimekufa ganzi. Tangu hapo akawa na chupa ya oili kwenye buti la gari, na kila akitoka msikitini Ijumaa alipima na kuongeza. Moshi wa samawati ulimfuata kila aendako. Hakujali. Asubuhi stata ilishika, na Latifa aliketi kwenye kiti kilicholazwa akiwa amefumba macho.

"Na mimi?" Latifa alimwuliza siku moja wakirudi. Alikuwa na mzaha wake siku ambazo hakutapika. "Wananibadilishia damu kila mara wale. Damu yangu ni namba gani?"

"Yako ya joto," Kadiri akasema. "Ya Buyenzi."

"Donc ndiyo maana inaganda hapa."

Walicheka mpaka taa ya barabarani ikawa kijani, na gari la nyuma likapiga honi.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali; hata Karel hakukumbuka kwa wepesi mengine kama hayo. Mwaka 1997 ulipoingia, mfereji wa meli uliganda, mabomba yakapasuka, na asubuhi ungesikia stata zikilia barabara nzima bila gari hata moja kuwaka. La Kadiri liliwaka. Mturuki wa duka la mikate alitoka na unga mikononi kuja kushuhudia. Latifa aliteremsha kioo kidogo, akamwambia kwa Kifaransa chake cha kuokoteza: "Mume wangu ni fundi." Kadiri alijifanya hakusikia, lakini aliendesha njia nzima shingo ikiwa imenyooka.

Siku moja, wakitoka hospitali, Latifa alimwomba wapite uwanja wa Flagey. Alikuwa amesikia kwa wagonjwa wenzake kwamba vidimbwi vya pale vimeganda vikawa mawe. Kadiri aliegesha. Kweli, watu walikuwa juu ya maji: watoto wanateleza, wazee na vijiti, mbwa anakimbia huku miguu inamwacha.

"Baba Aïcha, angalia," Latifa alisema. "Watu wanatembea juu ya ziwa."

"Dogo hili. Tanganyika isingekubali."

"Nishike. Nami nataka kukanyaga."

"Wewe mgonjwa, mama Aïcha. Baridi hii."

"Nishike tu."

Akamshika. Latifa aliweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akasimama pale ukingoni, kitenge kinapepea, anacheka kwa sauti ambayo Kadiri hakuisikia tangu walipotoka kwao. Kisha akasema miguu inauma, wakarudi garini.

Juma lile lile homa ikampanda. Asubuhi Kadiri aligeuza ufunguo, gari likawaka mara moja, akampeleka mbio, na wakamlaza. Madaktari walisema ni maambukizo, yameingia kwenye damu na kufika moyoni. Walipambana nayo. Kadiri alikaa kando ya kitanda, anamlowanisha midomo, anamsomea Yasini kwa sauti ya chini. Barafu ilipoanza kuyeyuka kwenye mapaa, Latifa alimwuliza kama gari limezimwa, asije akamaliza mafuta bure. Hilo ndilo neno lake la mwisho lililoeleweka. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Alikuwa ametaka kuzikwa Bujumbura, karibu na mama yake. Lakini vita vilikuwa havijakwisha, mipaka imefungwa, safari za ndege ni za kubahatisha, na hapakuwa na mtu wa kumpokea. Bruxelles nako hawakumpatia ardhi ya Waislamu. Msikiti ukawatafutia nafasi kwenye makaburi ya mji mwingine, mwendo mrefu kuelekea mashariki, ambako Waislamu walikuwa na kipande chao. Ardhi ilikuwa bado ngumu juu, laini chini. Aïcha alilia kwenye simu kutoka Kigoma mpaka laini ikakatika.

Baada ya tanga, Kadiri aliteremka kwa Karel.

"Papa Karel, mimi nilimpeleka kwenye barafu. Nilimshika mkono nikamsimamisha kwenye baridi ile."

Karel alimmiminia kahawa.

"Daktari alisema nini?"

"Alisema siyo baridi. Alisema ni mdudu aliyeingilia kwenye ule mshipa wa mashine."

"Basi."

"Basi nini? Moyo wangu hausikii daktari."

"Na wangu haukusikia, mke wangu Lieve alipokufa," Karel akasema. "Sina la kukuambia, Kadiri. Kunywa kahawa."

Gari lilisimama pale pale mpaka majani yakaota na kuanguka. Kadiri alikwenda kazini kwa metro. Mara nyingine alishuka, akafungua mlango, akaketi nyuma ya usukani pasipo kuliwasha, kiti cha pembeni kimelazwa vilevile. Tairi moja likaisha upepo. Ubaridi wa kwanza ulipoingia, mwanamume wa Kinshasa, Modeste, aliyenunua magari kuukuu na kuyapakia melini bandari ya Anvers, aligonga mlango.

"Papa Kadiri, ile Peugeot iko ya kuuza? Nitaituma kwetu Kongo, Matadi."

Kadiri alitaka kukataa. Akasikia mwenyewe sauti yake ikisema ndiyo. Wakashuka pamoja. Alijaza upepo, akaunganisha betri ya Modeste, akageuza ufunguo, na injini ikashika bila kusita. Modeste akapiga mluzi.

"Moteri iko muzima!"

"Imetiwa oili ya hapa," Kadiri akasema. "Ikifika Matadi, wamwage yote. Watie nzito. Joto la kule litaimaliza hii."

"Nitawaambia, papa."

"Waambie kweli."

Kabla hajampa ufunguo, Kadiri alizunguka upande wa pili, akainama, akavuta kishikio, akakiinua kile kiti mpaka kikasimama wima. Kilikuwa kigumu, kimezoea kulala. Alipomaliza alibaki ameinama hivyo, mkono juu ya kiti, na Modeste, ambaye hakujua lolote, alikuwa na akili ya kutosha kwenda kutazama tairi za nyuma.

Jumapili iliyofuata Kadiri alikwenda makaburini kwa treni, na Karel akasema naye anakwenda. Mashamba yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Kaburi lilikuwa limetitia kidogo upande mmoja. Kadiri alilisawazisha kwa viganja, akainua mikono kuomba. Mzee Karel, kwa adabu za kwao, alivua kofia, akasimama nyuma yake, upepo unampiga kwenye upara.

Kadiri alipomaliza aligeuka, akamwona anatetemeka.

"Vaa kofia, papa," alimwambia. "Asingependa uugue."