Chapa Kwenye Paja la Ngamia

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni. Dakika ninazijua kwa sababu niliziandika kwenye daftari langu siku hiyo hiyo, kabla hata sijavua sare ya shule. Nilikuwa kidato cha tatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na nilikuwa msichana wa kuandika kuliko kusema. Mwalimu akiniuliza swali darasani, jibu lilipanda mpaka kooni, likaona watu, likarudi.

Nilikuwa nakaa na shangazi yangu, dada ya baba, mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo. Alikuwa na duka dogo la majani chai, sukari, viberiti na viatu vya plastiki. Siku hiyo nilimkuta amekaa juu ya gunia, na magotini ana katalogi nene aliyopewa na wakala wa Nairobi, yule aliyekuwa na leseni ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Ndani kulikuwa na kofia, skafu, bendera na beji za mashabiki wa mpira, zote za kiwanda kimoja cha Hong Kong.

"Soma hapa chini," aliniambia. "Haya maandishi ya sisimizi yanasema nini?"

Nikasoma. "Wanasema hawatengenezi kofia chini ya dazani hamsini."

"Dazani hamsini! Kwani Isiolo hii ina vichwa vingapi?"

Lakini alikuwa ameshaamua, niliona. Timu ya mji ilikuwa inashinda mwaka ule, na mashabiki walikuwa wanajifunga vitambaa vya buluu vichwani, vingine vimekatwa kwenye mapazia ya mama zao. Hakuna duka lililokuwa na kitu cha kuwauzia. Shangazi alifikiria hivi: yeye peke yake hawezi dazani hamsini, lakini wenye maduka madogo wakijumlishwa wanaweza. Basi akaanza kuzunguka. Majirani zake wa Bulla Pesa, mama mmoja wa Gotu, mfanyabiashara wa Oldonyiro aliyekuja mjini na mbuzi na kurudi na unga. Kila mmoja alimcheka kwanza. Kofia kutoka Hong Kong? Si ungoje zianguke kutoka mbinguni?

Shangazi alimjibu kila mmoja maneno yale yale, nami niliyasikia mpaka nikayaota: "Zitafika kabla ya fainali. Na zitakuwa zetu, si za mtu mwingine. Mkiona nimesema uongo, msinunue tena kwangu hata kiberiti."

Wakakubali, mmoja dazani tatu, mwingine tano, hadi hamsini zikatimia.

Mimi kazi yangu ilikuwa barua, kwa sababu Kiingereza cha shule kilikuwa changu, na pia picha. Timu iliitwa ya ngamia, hivyo kofia ilihitaji ngamia mbele. Nyuma ya duka, ng'ambo ya ua wa miiba, jirani yetu alikuwa anafunga ngamia jike wa maziwa. Jirani huyu alikuwa mzee dalali wa mifugo, mwenye ndevu nyekundu za hina na sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa mji. Mimi nilimwogopa, kwa hiyo nilichora kupitia tundu la ua, siku tatu, kimya. Nilichora kope. Nilichora mdomo wa chini unaoning'inia. Kwenye paja nilichora chapa yake ya moto, duara na mistari miwili, kama ilivyokuwa.

Baada ya wiki kadhaa kiwanda kilijibu, barua nzuri iliyopigwa taipu, ikiwa na maswali matatu. Je, ngamia awe na nundu moja au mbili? Je, buluu iwe hii au hii, na vipande viwili vya uzi vilikuwa vimebandikwa hapo. Na swali la tatu: je, ile alama kwenye mguu wa nyuma inahitajika, au ni wino uliomwagika?

Nilicheka peke yangu. Wino! Nikajibu kwa mwandiko wangu bora: nundu moja, buluu ya kwanza, na alama inahitajika sana, tafadhali ionekane vizuri.

Ikaja sampuli, kofia moja tu, ili tuikubali kabla hawajaanza kushona. Ilikuwa na ukingo wa mbele wa kuzuia jua, na ngamia ametariziwa kwa uzi wa njano, na chapa imeng'aa kama sarafu. Shangazi aliigeuza, akaivuta, akaivaa juu ya mtandio wake. "Mashallah," akasema. "Waandikie waendelee." Akaitundika kwenye msumari wa chumba cha nyuma, wateja wasiishikeshike, ikakaa pale wiki sita sisi wawili tukiiangalia kila siku.

Katoni zilishuka kwa lori la Nairobi siku ya Alhamisi, fainali ikiwa Jumamosi dhidi ya timu ya Marsabit. Wenye maduka walijaa mbele ya duka letu. Shangazi alikata kamba kwa kisu cha nyama, akatoa kofia ya kwanza, akampa yule mfanyabiashara wa Oldonyiro kwa heshima, kwa sababu alikuwa ametoka mbali.

Yule bwana aliitazama. Akaileta karibu na macho. Kisha akaanza kucheka, lakini si kicheko cha kufurahi na wewe.

"Mama," akasema, "si ulisema zitakuwa zetu?"

"Ni zetu. Kuna nini?"

"Hii ni chapa ya jirani yako. Huyu mzee wa ndevu nyekundu. Mimi nimenunua mifugo yake miaka kumi, chapa yake naijua hata gizani. Mtu akivaa hii kwa kichwa, si watasema ni wa boma yake?"

Kofia ilipita mkono kwa mkono. Mmoja alisema, "Mimi si ngamia ya mtu." Mama wa Gotu alisema, "Mume wangu akivaa hii, huyo mzee atakuja kumkamua." Wakaangua kicheko, wakazirudisha ndani ya katoni moja moja, wakaondoka. Hata hawakugombana. Hilo ndilo lilimuuma shangazi zaidi.

Ijumaa asubuhi mji mzima ulikuwa umesikia. Kijana mmoja aliyenunua kofia kwetu alijaribu kupita nayo sokoni, watu wakamzomea, "Rudi bomani! Umekata kamba!" Akaivua akaiweka chini ya kwapa.

Nilimwambia shangazi kosa ni langu. Nilimwambia pia kuhusu swali la tatu la kiwanda, ambalo nilikuwa nimelijibu mwenyewe bila kumuuliza. Nilingoja anipige au alie. Alitazama sampuli kwenye msumari.

"Wiki sita," akasema. "Wiki sita nimeiona, na mimi niliona iko sawa kabisa. Ngamia bila chapa si angeonekana ameibwa?"

Tukatazamana, tukacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka, akaniambia polepole, "Lakini kesho zikibaki kwa katoni, hakuna mwenye duka ataniamini tena. Nilitoa neno. Wewe ulichora, wewe nenda umwone mzee."

"Nimwambie nini?"

"Ukifika utajua."

Sikujua. Nilipita geti lake baada ya swala ya alasiri, nikasema salaam aleikum kwa sauti ya panya, nikamnyooshea kofia. Alikuwa anasugua meno kwa mswaki wa mti. Aliichukua, akainyoosha mbali, akaileta karibu.

"Nani ameiba ngamia yangu akaiweka kwa kofia?"

"Ni mimi."

"Kumbe unaongea! Mimi nilidhani shangazi yako anakaa na picha." Akageuza kofia. "Imeshonwa wapi?"

"Hong Kong, babu."

"Hong Kong ni wapi?"

"Mbali. Ng'ambo ya bahari, kwa Wachina."

Akaacha kusugua meno. "Na wao wameandika chapa yangu?"

"Waliuliza kama inahitajika. Nikasema inahitajika sana."

Nikaona ndevu zinaanza kutikisika. Aliita wake zake, akaita mchungaji, akaita mtu aliyekuwa anapita njiani. "Njooni mwone! Mpaka ng'ambo ya bahari wananijua!" Halafu akanigeukia akiwa amekunja uso. "Lakini nundu umeifanya ndogo. Ngamia yangu si maskini."

Nilimwambia nilichora wakati wa kiangazi. Akasema hilo ni kweli, kiangazi kilikuwa kibaya. Basi nikapata nguvu ya kumweleza yote, ya dazani hamsini, ya neno la shangazi, ya watu kukataa kuvaa. Nilizungumza nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nilipomaliza aliipitisha kidole ile chapa ya uzi.

"Mnyama nikimpa mtu zawadi," akasema, "chapa yangu naifuta?"

Nikatikisa kichwa. Kila mtu kwetu anajua. Mnyama wa zawadi hubaki na chapa ya aliyemtoa, na aliye naye humwonyesha watu kwa fahari, kwamba mimi na fulani ni marafiki. Lakini anayepokea lazima aseme mbele ya watu kwamba amepokea. Asiposema, bado si wake.

"Kesho uwanjani nitatoa," mzee akasema. "Na wewe uliyeomba, wewe ndiye utapokea. Kwa mdomo, si kwa kichwa."

Usiku ule sikula.

Jumamosi, saa tisa kasoro robo, uwanja ulikuwa umejaa, na malori ya Marsabit yalikuwa yanaimba. Shangazi alikuwa amepanga katoni zake karibu na goli, na watu walipita wakisema, "Mama, leo unauza boma ngapi?" Ndipo mzee akaingia, akimvuta ngamia jike kwa kamba, yule yule wa kope ndefu. Refa alipiga filimbi kumzuia. Ngamia alimtemea mate. Uwanja ukalipuka.

Mzee alisimama katikati ya uwanja, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Wote wenye chapa yangu leo, ni zawadi yangu kwa timu ya mji! Nimetoa! Lakini nikiona mtu wa Marsabit amevaa, huyo ameiba, nitamfuata mpaka kwao!"

Hata malori ya Marsabit yalicheka. Halafu akaninyooshea fimbo. "Nani anapokea?"

Watu wote waligeuka. Nilijaribu. Jibu likapanda kooni, likaona uwanja mzima.

"Nimepokea," nikasema.

"Ngamia hajasikia!"

"Nimepokea!"

"Na Marsabit hawajasikia!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. "NIMEPOKEA!" Ilinirudia kutoka upande wa pili wa uwanja. Shangazi alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya kichwa.

Baada ya hapo sikumbuki mambo kwa mpangilio. Nakumbuka mikono. Wenye maduka walikuja mbio kuchukua fungu lao, kila mmoja akisimama na kuuza papo hapo. Yule bwana wa Oldonyiro alifika akijifanya anapita tu.

"Mama, zile dazani tano zangu bado ziko?"

"Wewe si ulisema hutaki kukamuliwa?"

"Huyo alikuwa mama wa Gotu, si mimi!"

"Basi kaa kwa laini nyuma ya mama wa Gotu."

Alikaa. Shangazi alimpa, na alipompa akamuuliza mbele ya wote, "Nilisema zitakuwa zetu, au sikusema?" Akajibu, "Ulisema, mama." Nilimwona shangazi akifuta uso kwa pembe ya mtandio, akisingizia vumbi.

Timu ya mji ilishinda bao moja bila. Bao lenyewe sikuliona. Nilikuwa nimeinama ndani ya katoni ya mwisho nikitafuta kofia ya mzee, na nilipoinua kichwa kila kitu kilikuwa buluu na kinaruka.

Mzee aliivaa yake juu ya kilemba. Akaniambia oda nyingine ikienda Hong Kong, hataki kuona tena nundu ya kiangazi.

Asubuhi yake, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, nilichukua penseli mbili na daftari langu, nikapita geti badala ya kuchungulia tundu la ua. Mvua zilikuwa zimenyesha, na nundu ilikuwa imejaa. Nilikaa juu ya debe nikaanza na nundu. Ngamia aligeuza kichwa. Nikangoja. Akageuza tena, akanipa mkia. Nikamfokea kwa Kiborana, asimame, nina kazi, na wanawake waliokuwa wakichota maji bombani wakanyamaza wote kutazama ni nani huyo anayepiga kelele asubuhi namna hii.