Nafasi Moja Mbele ya Nyumba

Kijijini kwetu, kisiwani Savai'i, wafu hawapelekwi mbali. Huzikwa mbele ya nyumba, wakajengewa kaburi la saruji, na jioni sisi tulio hai tunalikalia tukimenya magimbi. Kwa hiyo Lagimaina alipofika miaka sabini na miwili, miguu imevimba, alijua anachokitaka: ile nafasi moja iliyobaki kando ya mama yake.

Kaka yake Pesamino, msemaji wa ukoo, aliitaka pia.

"Wewe uliletwa, dada," alimwambia mbele za watu. "Mama alifiwa na mtoto, majirani wakampa wewe anyamaze kulia. Kwenye nasaba yetu wewe humo."

"Nimekupikia miaka hamsini. Chakula hukukiuliza nasaba."

Lagimaina alikuwa msomaji kanisani. Sura tamu walisoma wengine. Yeye aliachiwa zile za majina matupu, fulani kumzaa fulani. Hakuruka hata moja. Alisema Mungu aliyekumbuka umri wa Yaredi hawezi kumsahau mpishi.

Jumapili hiyo, kofia nyeupe kichwani, alisoma: Adamu akamzaa Sethi, akazaa na wengine, akafa. Sethi akamzaa Enoshi, akazaa na wengine, akafa. Kufikia kifo cha tatu nusu ya kanisa ilikuwa imesinzia.

Lakini kwetu nasaba haitajwi hadharani ikapita hivihivi. Msemaji huisikia hata akiwa ndotoni. Pesamino akainuka, mkono ukipapasa kutafuta usinga wake wa usemaji, aliouacha nyumbani.

"Simama hapo. Mkubwa ni Kaini, na ana watoto. Ukoo unampitaje mkubwa uende kwa mdogo? Nani kawapa nasaba hii?"

Mchungaji akakohoa. "Musa, mzee."

"Musa wa nyumba ya nani?"

Watu wakacheka nyuma ya vipepeo vyao vya ukindu. Lagimaina akavua miwani taratibu, kama mtu anayepakua chakula cha mgeni.

"Kaini alimuua Habili, kaka. Mama yao akalia, akapewa Sethi mahali pa yule aliyekufa. Mtoto wa kunyamazisha kilio. Na ni kwa mtoto huyo ukoo ulimpata Nuhu, ukampata na Yesu. Kama una nasaba bora, tusomee."

Msemaji akipinga nasaba mbele za watu, kisha akajibiwa, hana budi kuleta jibu au kukaa. Pesamino alikunja vidole kuhesabu vizazi, akavikunjua. Akakaa.

"Endelea," alisema. "Huyo Methusela naye alikufa?"

"Alikufa. Ila alichelewa sana."

"Wengine wana tabia hiyo."

Baada ya chakula Pesamino alitoka na kamba na vigingi, mdomo ungali unang'aa mafuta ya nguruwe.

"Lala nikupime."

Lagimaina akalala majanini kando ya saruji ya mama yake, na gauni lake jeupe. Pesamino akapima, akakuna kichwa, akapima tena. Kisha na yeye akajilaza kando yake, kwa ubavu, tumbo likivuka kamba.

"Tukilala hivi tunaenea wote wawili," alisema.

"Mimi upande wa mama."

"Haya. Lakini nitakupa mgongo. Unakoroma."